Sufu Kwenye Joto la Kaskazi: Hesabu za Kazi ya Mkono Msimu wa Likizo

Ukipita Kibokoni, Mji wa Kale, mwezi wa Disemba baada ya laasiri, kuta bado zina joto la mchana. Kaskazi inavuma huko baharini lakini vichochoroni haifiki sawasawa. Watoto wamefunga shule, wanakimbizana na mpira. Muuza kahawa anapita akigonga vikombe vyake. Na pale barazani kwetu ameketi mamangu, upepeo upande wa kulia, na mapajani amelaza skafu nene ya sufu, rangi ya buluu, inayozidi kurefuka.

"Mama, joto lote hili wafuma sufu?"

"Kwani naivaa mimi? Baridi ni ya wajukuu wangu. Yangu mimi ni kufuma."

Wajukuu wenyewe wako Toronto. Dadangu aliolewa huko, na kila mwaka ikifika likizo ya Disemba, sisi tunatafuta kivuli na wao wanatafuta glavu. Kwa hivyo kisiwani Mombasa, mahali ambapo sweta huvaliwa na mtu anayesafiri kwenda bara kwa treni ya usiku, kuna kina mama wanaomaliza mwaka wakifuma skafu na kofia za baridi. Nyingine ni zawadi. Nyingine ni za kuuza. Na pesa ya kazi hiyo karibu yote inapita kwenye simu.

Makala hii inahusu pesa hiyo. Lakini kwanza niseme ukweli: mimi niko kwenye timu inayowaandikia nyinyi wateja namna ya kujikinga na matapeli, na mamangu mwenyewe alitapeliwa nikiwa chumba cha pili, mlango wazi. Nitafika hapo.

Kazi tatu za msimu mmoja

Ukisema "kazi ya mkono" Mji wa Kale, unaweza kuwa unazungumzia mambo matatu tofauti, na kila moja lina hesabu yake.

La kwanza ni kofia. Sisemi zile za mashine zilizopangwa madukani, nasema kofia ya viua, ile inayoshonwa kwa sindano na uzi kuanzia Lamu, Mombasa, Unguja hadi Ngazija. Kitambaa cheupe huchorwa nakshi kwa penseli, kisha hutobolewa vitundu vidogo vidogo, na kila kitundu huzungushwa uzi mpaka kikakaza. Hivyo vitundu ndivyo viua. Kofia moja ina vitundu vingi kiasi kwamba kazi yaweza kuchukua wiki kadhaa, au miezi, kulingana na nakshi na muda alionao mshonaji. Ikimalizika huoshwa, hutiwa wanga, na huvalishwa kitu cha mviringo ikauke ikiwa na umbo lake. Ng'ambo ya bahari, Oman, wanaume huvaa kuma, kofia ya jamaa moja kabisa na hii yetu. Ndiyo maana oda inaweza kutoka Muscat kama inavyoweza kutoka Kisauni.

La pili ni vitambaa. Nyumba ya Kenya bila vitambaa vya viti ni kama chai bila iliki: inanyweka, lakini kuna kitu kimekosekana. Hivi hufumwa kwa krosheti, uzi wa pamba, seti nzima ya makochi, meza na pengine televisheni. Disemba ni msimu wake kwa sababu harusi ni nyingi na wageni ni wengi.

La tatu ndiyo hii sufu. Tunaiita sufu, ingawa mara nyingi uzi wenyewe ni akriliki, ule uzi wa sweta unaouzwa kwa vifundo. Tofauti inafaa kujulikana kabla ya kununua. Sufu halisi ya kondoo ina joto zaidi lakini ukiifua kwa maji moto na kuisugua inanywea, skafu ya baba inakuwa ya mtoto. Akriliki inavumilia kufuliwa, lakini pasi moto inaiua. Mtu wa Toronto anayefulia mashine mpelekee akriliki, na umwandikie kikaratasi: maji baridi, usipige pasi.

Na kwa miaka hii kuna jambo la nne linalobana ratiba. Ramadhani hurudi nyuma siku kama 10 au 11 kila mwaka. Mwaka 2026 inaangukia katikati ya Februari, na 2027 mapema Februari, kutegemea mwandamo. Maana yake kofia ya Idi haiwezi kungoja Ramadhani ianze. Lazima ianzwe likizo hii ya Disemba, wakati uleule ambao skafu za ng'ambo zinataka kuwahi baridi. Oda zinagongana, na zinapogongana, pesa nazo zinachanganyika.

Usiku tuliokaa na simu ya mama

Likizo moja, baada ya isha, nilimwomba mama anipe simu yake tuangalie taarifa ya miamala ya miezi mitatu. Hakupenda. Alisema mambo ya pesa za mtu ni kama kabati la nguo, hufunguliwi tu na kila apitaye. Lakini alikuwa amelalamika siku hiyohiyo kwamba anafuma mchana kutwa na hana shilingi, basi akakubali.

Tukachukua daftari. Tukaanza na skafu moja tu.

Vifundo vinne vya uzi, shilingi 150 kila kimoja: 600. Tuktuk ya kuipeleka kwa mteja: 100. Bei aliyouza: 1,200. Kwa hesabu hiyo alibaki na shilingi 500, kabla hata hatujatoa ada ya kwenda kuchukua pesa kwa wakala.

"Na umekaa nayo siku ngapi?"

"Sita."

"Saa ngapi kwa siku?"

Akafikiri. "Tatu. Ukitoa wakati wa sala na wa kupika."

Saa 18. Shilingi 500 ukigawa kwa saa 18 hupati hata 28. Kwa saa nzima ya kazi ya mikono na macho, alikuwa analipwa pesa isiyotosha tuktuk ya kwenda kwenye feri.

Mama alinyamaza. Kisha akasema, "Basi mimi ndiye niliyekuwa nawapa zawadi, nao wajiona wamenunua."

Hilo la bei lilikuwa rahisi kulitibu. La pili lilikuwa zito zaidi. Kwenye taarifa ile pesa zote zilikuwa kwenye mfuko mmoja: arubuni ya kofia, pesa ya uzi, pesa ya samaki, mchango wa matanga, zamu ya chama, na pesa aliyotuma dadangu ya dawa. Arubuni ya mteja wa Jumatatu ilinunua unga Jumanne. Ijumaa, ili anunue uzi wa mteja wa Jumatatu, alitumia arubuni ya mteja wa Alhamisi. Hakuwa mwizi wala mbadhirifu. Alikuwa na mfuko mmoja, na mfuko mmoja haukumbuki pesa ni ya nani.

Wengi wetu tuko hivyo. Kabla ya Machi 2007, M-Pesa ilipozinduliwa Kenya, pesa ya kazi ilikaa kwenye kopo na pesa ya nyumba ikakaa kwenye fundo la leso. Mahali pawili. Simu imeturahisishia kutuma na kupokea, lakini vilevile imemimina kopo na fundo kwenye chungu kimoja.

Kofia iliyoondoka na bodaboda

Sasa nifike pale nilipoahidi.

Mama alikuwa amepokea oda ya kofia ya viua kwa simu. Mteja alijitambulisha vizuri, akazungumza kwa adabu. "Asalaam aleikum mamangu, nimesifiwa kazi yako." Wakakubaliana 6,000. Alituma arubuni 1,000, na hiyo ilifika kweli, mama aliiona na alinunua vifaa kwa pesa hiyo. Kazi ilichukua karibu miezi miwili.

Siku ya kuchukua, mteja akapiga simu: yuko mbali, anatuma kijana wa bodaboda, na salio la 5,000 anatuma sasa hivi. Dakika haikupita, simu ya mama ikalia. Meseji. Jina, kiasi 5,000, tarehe, saa, hata namba ya muamala. Kijana yuko mlangoni, pikipiki inanguruma, anasema ana haraka. Mama akaifunga kofia kwenye karatasi, akampa.

Jioni alikwenda kwa wakala kutoa 2,000. Wakala akamwambia salio halitoshi.

Mimi nilikuwa chumba cha pili nikiandika makala kuhusu usalama wa namba ya siri.

Nilipoichukua simu na kuitazama meseji ile, kosa lilikuwa wazi kwa mtu aliyefundishwa kulitazama. Haikutoka kwa jina la kampuni. Ilitoka kwa namba ya kawaida ya simu, kama namba yangu na yako, na maneno yamenakiliwa yakafanana. Haikuungana na meseji nyingine za malipo kwenye simu yake. Ilikaa peke yake, mazungumzo mapya. Na salio lililoandikwa ndani ya meseji halikulingana na salio lake.

Tulipiga ripoti. Namba ya yule mteja haikupatikana tena. Nilianza kusema, "Mama, pesa itatafutwa," akanikata.

"Si pesa, mwanangu. Ni macho yangu miezi miwili."

Hakushika sindano ya kofia tena mpaka mwaka ukapita. Ndiyo sababu naandika haya, na ndiyo sababu sitayaandika kwa kumlaumu. Tapeli hakumvizia mtu mjinga. Alimvizia mtu mwenye adabu, akijua mtu mwenye adabu hapendi kumwambia mgeni aliyesimama mlangoni, "Ngoja kwanza niangalie."

Mambo ya kufanya kabla kazi haijatoka mkononi

Haya ndiyo tuliyokubaliana nyumbani, na yanafaa kwa yeyote anayeuza kitu alichokitengeneza mwenyewe, awe anafuma, anaoka keki au anapaka hina.

*Angalia salio, usiamini meseji.* Meseji ni karatasi tu. Pesa iko kwenye akaunti. Ukilipwa, fungua menyu ya simu au programu yako mwenyewe na uulize salio, au tazama orodha ya miamala. Usitumie kiungo ulichotumiwa na mtu. Usikubali picha ya skrini kutoka WhatsApp kuwa ndiyo malipo. Inachukua dakika moja. Anayekuharakisha katika dakika hiyo ndiye hasa wa kumngojesha.

*Sema "ngoja" bila haya.* Mama siku hizi ana sentensi yake: "Nyumba hii sheria ni ya mwanangu, kitu hakitoki mpaka pesa ionekane." Ananisingizia mimi, na mimi nimeridhia. Tafuta wako wa kumsingizia.

*Arubuni iwe na kazi.* Arubuni si heshima ya mteja, ni bima ya mfumaji. Iwe angalau inatosha vifaa vyote pamoja na sehemu ya nguvu zako, ili mteja akikimbia usiwe umeingia hasara ya mfukoni. Kwa kofia ya viua, ambayo ni kazi ndefu, gawa malipo mara tatu: ya kuanzia, ya kazi ikifika nusu (unampigia picha), na ya mwisho kabla haijatoka. Lau mama angefanya hivyo, hasara ingekuwa ya theluthi, si ya karibu yote.

*Andika makubaliano, hata kwa meseji moja.* Si lazima wakili. "Skafu moja, buluu, sentimita 170, bei 1,800, arubuni 900 imefika leo, salio 900 kabla ya kuchukua, tayari tarehe 12." Mteja akijibu "sawa", mmemaliza. Mkisahau, simu haisahau. Ongeza na sharti la kurudisha: arubuni ya kitu kilichokwisha kukatiwa uzi hairudi.

*Pesa iliyoingia "kwa makosa" usiirudishe kwa mkono wako.* Huu ni mtego mwingine wa msimu wa likizo. Mtu anapiga simu: "Mamangu, nimekutumia 3,000 kimakosa, tafadhali nirudishie." Kwanza angalia salio. Kama hakuna kilichoingia, ni uongo mtupu, kata simu. Kama kweli imeingia, usiitumie, lakini pia usiitume wewe. Mwambie aombe irudishwe kupitia kampuni yake, kwa njia rasmi. Ukiituma wewe mwenyewe kisha naye akaomba irudishwe rasmi, itakutoka mara mbili.

*Unapotuma wewe, soma jina.* Unanunua uzi Barabara ya Biashara, umetajiwa namba, dukani kumejaa watu. Kabla ya kuthibitisha, simu inakuonyesha jina la anayepokea. Lisome. Kama si la duka au la mwenye duka, uliza. Ukishakosea, omba urudishiwe mara moja, siku hiyohiyo, kwa sababu pesa ikishatolewa na mtu mwingine kuirudisha ni shida.

*Namba ya siri haina msimu.* Hakuna mfanyakazi wa kampuni yoyote ya pesa atakayekupigia akuulize PIN, wala akuambie ubonyeze namba fulani ili "upokee zawadi ya sikukuu". Pesa ya kupokea haidai PIN yako. Hata mimi mwanawe, mama hanipi.

Kopo na fundo, ndani ya simu

Baada ya bei na usalama, tuligeukia ule mfuko mmoja.

Mama sasa ana mahali pawili. Laini yake ya zamani ni ya nyumba: ndugu, dawa, mchango, samaki. Akaunti ya pili ni ya kazi, na hiyo ndiyo anayowapa wateja. Wengine hutumia laini ya pili, wengine huomba namba ya tili au akaunti ndogo ya biashara. Uliza ada kabla ya kuchagua, kwani zinatofautiana: kuna njia ambayo anayelipa ndiye anayekatwa, na kuna ambayo anayekatwa ni mwenye biashara. Uliza pia kama kuna kiwango cha juu cha pesa inayoweza kukaa humo.

Arubuni ikiingia, inanunua uzi kwanza. Na analipa duka moja kwa moja kutoka kwenye akaunti ileile, hatoi pesa taslimu ndipo akanunue. Kila unapokwenda kwa wakala kutoa, unakatwa. Ukitoa mara tano kidogo kidogo, kwa kawaida utakatwa zaidi kuliko ukitoa mara moja. Panga: wiki moja, safari moja ya wakala.

Bei nayo tumeipanga upya. Skafu: uzi 600, kupeleka 100, saa 18 kwa shilingi 60, yaani 1,080. Jumla 1,780. Ukiongeza kidogo cha ada, ni 1,800. Niliogopa wateja watakimbia. Wawili walikimbia. Waliobaki walilipa, na mama akafuma skafu chache kwa pesa nyingi zaidi kuliko mwaka uliotangulia.

Kuhusu oda za ng'ambo, kubalianeni kwa shilingi zitakazofika, si kwa dola zitakazotumwa. Kati ya hapo kuna ada na kuna kiwango cha kubadilisha, na hivyo viwili vyaweza kula faida yako yote. Mwambie mteja: "Nataka 2,500 ifike kwangu." Yeye ndiye anayeona kwenye programu yake atume ngapi. Na pima mzigo kabla ya kutaja bei ya kusafirisha. Skafu ya mtu mzima huwa na uzito wa kama gramu 200, kofia ya sufu chini ya gramu 100. Ukiweka tatu kwenye mfuko mmoja, bado ni mzigo mdogo ambao msafiri hatakunja uso ukimwomba akubebee.

Za zawadi nazo zina hesabu

Kuna msomaji atasema: mimi siuzi, nawafumia wanangu tu. Vizuri, na Mungu akubariki. Lakini uzi haujui kwamba wewe ni shangazi.

Mwaka ule tulipofanya hesabu, zawadi peke yake zilikuwa zimekula vifundo 19 vya uzi, karibu shilingi 2,900, zilizochukuliwa kidogo kidogo kwenye pesa ya wateja. Hakuna aliyemwomba mama afanye hivyo. Hakuna pia aliyeuliza uzi unatoka wapi. Nilipomweleza dadangu kwa simu, alinyamaza kidogo kisha akasema, "Mbona hukuniambia?" Tangu hapo, mwezi wa Oktoba anatuma pesa ya uzi, na kwenye ujumbe wa muamala anaandika neno moja: *uzi*. Inaingia akaunti ya kazi. Mama hamlipishi nguvu zake, hizo ni za bibi kwa wajukuu. Lakini kifundo kimelipwa na anayevaa.

Vipimo pia vinaokoa pesa. Kichwa cha mtu mzima ni kama sentimita 54 hadi 58, na kofia ya kufuma iwe ndogo kuliko kichwa kwa sentimita mbili tatu, maana uzi unavutika. Mtoto mchanga ni kama sentimita 35. Mwombe mzazi apime kwa kamba na akutumie namba kabla hujaanza. Kofia iliyofumuliwa kwa sababu haikutosha ni siku mbili zilizopotea. Na ya mtoto mchanga usitie vifungo wala shanga, asije akavimeza.

Kina mama wa mtaani wamekwenda hatua moja mbele. Chama chao, ambacho zamani kilikuwa cha kupeana zamu ya pesa tu, sasa kina mfuko wa uzi. Kila mmoja anaweka 200 kwa wiki kuanzia Septemba, Novemba wananunua kwa jumla, bei inashuka. Mweka hazina anatuma picha ya risiti kwenye kikundi, na mwenzake mwingine, si yeye, ndiye anayesoma taarifa ya miamala mbele ya wote. Si kwamba hawamwamini. Ni kwamba wanataka wabaki marafiki.

Na wewe je?

Tulipokuwa tunafunga daftari usiku ule, nilimuuliza mama swali ambalo nilidhani ni jepesi. Kati ya vitu vyote alivyofuma na kushona maishani mwake, kipi ni chake?

Akaangalia chumbani. Vitambaa vya viti alivifuma kwa ajili ya wageni. Kofia zote zilikwenda kwa marehemu babangu na kwa wateja. Shali moja aliyojifumia, aliipa jirani aliyejifungua.

"Hakuna," akasema, kama mtu aliyeulizwa kama kuna sukari.

Kwa hivyo tukaongeza mstari wa mwisho kwenye daftari: mshahara. Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana, anajitumia pesa kutoka akaunti ya kazi kwenda laini yake. Ni zile shilingi 60 kwa saa, zilizohesabiwa kwa saa alizofanya kweli. Wiki nyingine ni 900, wiki nyingine ni 300. Wiki ambayo hakufuma, hakuna. Mara ya kwanza alicheka, akasema ni mchezo wa watoto, mtu kujilipa mwenyewe. Mara ya nne alinipigia simu nikiwa kazini kuniuliza mbona mshahara wake umechelewa kuonekana. Alikuwa hajabonyeza kuthibitisha.

Kwa mshahara wa wiki moja alinunua uzi wa pamba rangi ya manjano, kwa sababu pamba ndiyo inayofaa joto letu, haishikani na jasho. Akajifumia mkoba wa kwenda Marikiti. Una mfuko mdogo ndani, wa kifungo, saizi ya simu yake hasa. Jirani ameuona, akausifu, akauliza bei gani.

"Huu si wa kuuza," mama akamwambia. "Wako nitakufumia. Arubuni ni nusu, na ngoja kwanza niangalie salio."

Sindano ya kofia nayo imerudi. Kuna moja imeanzwa, kitambaa bado kina mistari ya penseli, viua vya safu ya kwanza vimekaza. Mteja amelipa theluthi ya kwanza, nayo imeonekana.